Mhindi wa Ng'ambo na Kadi ya Kodi: Dirisha Liko Wapi?

Mwanzoni mwa muhula uliopita, mwalimu mmoja wa hisabati, raia wa India anayefundisha katika shule ya sekondari mkoani Iringa, alikwenda kwa mkuu wake wa shule kuomba ruhusa ya siku tatu. Baba yake mzazi alikuwa amefariki huko Kerala mwaka mmoja kabla, nyumba ya marehemu ilikuwa inauzwa ili warithi wagawane, na wakili wa mnunuzi alikuwa amekataa kuendelea na mkataba mpaka kila mrithi aonyeshe namba yake ya kodi. Mkuu wa shule alishangaa. Alijua kwamba mwalimu huyo hukatwa kodi katika mshahara wake kila mwezi, na kwamba anayo namba ya utambulisho wa mlipakodi aliyopewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania. Ikabidi aelezwe kwamba namba hiyo ni ya kwetu, na inayotakiwa ni ya kwao.

Nayaandika haya kwa kuwa mwalimu huyo ni jirani yangu, na kwa kuwa nimekaa naye jioni kadhaa mezani pangu tukiipitia fomu ya kuombea namba hiyo. Mimi nimeitumikia serikali kwa miaka mingi nyuma ya dirisha la kupokelea wananchi, nikadhani nimekwisha kuona kila namna ya fomu. Nakiri kwamba nilikuwa sijaona.

Namba yenyewe Wahindi huiita PAN, yaani namba ya kudumu ya hesabu ya kodi. Ina alama kumi: herufi tano, tarakimu nne, na herufi moja ya mwisho ya kuhakikishia zilizotangulia. Si alama za kubahatisha. Herufi ya nne hutaja aina ya mwenye namba: P kwa mtu binafsi, C kwa kampuni, G kwa idara ya serikali, na kadhalika. Herufi ya tano huchukuliwa katika jina la ukoo la mhusika. Wazo la kumpa kila mlipakodi namba moja ya kudumu liliingia katika sheria ya India katika miaka ya 1970, na mpangilio huu wa alama kumi ulianza katikati ya miaka ya 1990. Tarehe 25 Novemba 2024 serikali ya nchi hiyo ilipoidhinisha mpango wa kuutengeneza upya utaratibu wote kwa gharama ya rupia bilioni 14.35, ilieleza kwamba namba zilizokwisha kutolewa ni kiasi cha milioni 780. Hilo si jambo dogo hata kidogo, na asitokee mtu akasema kwamba nadharau kazi iliyofanyika.

Yafaa pia ieleweke kwamba kuwa na namba hiyo si kudaiwa kodi. Wengi huchanganya mambo hayo mawili, wakiwamo Wahindi wenyewe, na wako wanaoikimbia kadi kana kwamba ni hati ya kukamatwa. Mhindi aishiye ng'ambo, asiye na mapato yoyote ndani ya India, hadaiwi kodi huko kwa sababu tu anayo kadi mfukoni. Kipimo kikuu cha sheria yao ni siku: aliyekaa nchini siku 182 au zaidi katika mwaka wa kodi huhesabiwa kuwa mkazi, japokuwa vipo vipimo vingine vya nyongeza. Mshahara wa Iringa hulipiwa kodi hapa Tanzania na basi. Lakini siku atakapotaka kupangisha nyumba kwao, kununua hisa, au kuuza shamba la urithi, namba itadaiwa.

Na asiye nayo hakosi adhabu. Sheria huelekeza kwamba anayelipwa fedha yenye kodi bila kutaja namba yake akatwe kodi ya zuio isiyopungua asilimia 20, hata kama kiwango chake halali ni kidogo kuliko hicho. Kwa muuzaji wa nyumba aishiye nje jambo lina uzito zaidi. Mnunuzi anawajibika kuzuia kodi kabla ya kumlipa, na kama muuzaji hakujipatia mapema cheti cha kupunguziwa makato, zuio huweza kukatwa kwenye bei nzima, wala si kwenye faida aliyoipata. Cheti hicho nacho huombwa kwa kutumia namba. Kwa hiyo mtu asiye na kadi huweza kuona sehemu kubwa ya urithi wa baba yake ikikaa serikalini mwaka mzima au zaidi ikingojea hesabu, nayo hesabu haiwezi kupelekwa bila namba ile ile.

Huenda msomaji akauliza: mtumishi wa serikali au mwalimu wa Tanzania yamhusu nini haya? Yanamhusu kwa njia zaidi ya moja. Kwanza, wako raia wa India wanaoishi na kufanya kazi miongoni mwetu: madaktari, wahandisi, wahasibu, walimu, na tangu mwaka 2023 wahadhiri wa chuo cha teknolojia cha Madras kilichofungua tawi lake Zanzibar. Pili, wako ndugu zetu Watanzania wenye asili ya India, ambao ni raia wa nchi hii kama mimi, na ambao baadhi yao hurithi sehemu ya nyumba ya babu huko Gujarat. Hao si raia wa India, wala wasichanganywe na wale wa kwanza, lakini wakitaka kuuza sehemu yao hukutana na mlango huo huo. Tatu, Tanzania na India zilitia saini mjini Dar es Salaam, Mei 2011, mkataba mpya wa kuzuia mtu mmoja kutozwa kodi mara mbili kwa pato moja. Anayetaka kunufaika na mkataba huo huko India hutakiwa kuonyesha cheti cha ukazi wa kikodi kutoka Mamlaka ya Mapato ya hapa. Ofisa wetu anayekichelewesha cheti hicho kwa wiki sita amekwisha kuingia katika mnyororo wa matatizo ninaoueleza, apende asipende.

Sasa natuifungue fomu.

Kwa miaka mingi fomu zilikuwa mbili: moja ya raia wa India, akiwamo raia aishiye nje, iliyojulikana kwa namba 49A, na nyingine ya raia wa nchi za kigeni, 49AA. Namba za fomu na za vifungu ni mambo ya kubadilika, hasa kwa vile Bunge la India lilipitisha mwaka 2025 sheria mpya ya kodi ya mapato kuchukua nafasi ya ile ya 1961, na tarehe iliyowekwa ya kuanza kwake ni 1 Aprili 2026. Tofauti ya raia na asiye raia ndiyo yenye maana, na katika nyumba ya jirani yangu imeonekana waziwazi. Yeye ni raia wa India. Dada yake alichukua uraia wa Kanada zamani. Warithi ni hao wawili tu, wa baba mmoja na mama mmoja, lakini fomu zao ni mbali mbali na ushahidi wao ni mbali mbali. Yeye anatosheka na nakala ya pasipoti aliyoitia saini mwenyewe na taarifa ya benki ya nchi anayokaa. Dada yake sharti athibitishe nakala zake kwa muhuri wa ubalozi wa India, au kwa muhuri wa kimataifa unaotambuliwa na nchi zilizomo katika mkataba wa The Hague, au mbele ya ofisa wa tawi la ng'ambo la benki ya Kihindi aliyepewa mamlaka hayo.

Ukurasa wa kwanza unauliza jina. Hapo ndipo tulipokaa jioni ya kwanza yote. Jirani yangu, kama watu wengi wa kusini mwa India, ana jina moja tu. Mbele ya jina hilo hutanguliza herufi mbili, moja ya jina la nyumba ya ukoo wao na moja ya jina la baba yake, na kwa herufi hizo amejulikana tangu darasa la kwanza. Katika pasipoti yake nafasi ya jina la ukoo iko tupu. Fomu kwa upande wake inakataza herufi za mkato na inalazimisha jina la ukoo liandikwe. Mwenye jina moja huelekezwa aliandike katika nafasi ya jina la ukoo na aache wazi nafasi ya jina lake mwenyewe. Mtu mzima mwenye shahada mbili ananiuliza mimi, Mnyalukolo wa Iringa, "Bwana Mzee, kwa hiyo mimi ni ukoo usio na mtu?" Nilicheka, lakini jambo lenyewe si la kucheka. Herufi ya tano ya namba yake itatokana na jina hilo, na ikitokea kwamba hati ya shule inasema hivi, pasipoti vile, na kadi namna ya tatu, kila benki itamrudisha. Mnamo Novemba 2022 Falme za Kiarabu zilitangaza kwamba mgeni mwenye jina moja tu katika pasipoti hataingia kwa viza ya matembezi, na Wahindi wengi waliopanga safari walijikuta njia panda. Dunia imeamua kwamba kila mtu ana majina mawili, na wasio nayo watajijua.

Kuna jambo la haki ambalo sharti nilitaje papo hapo. Zamani jina la baba lilikuwa lazima katika maombi haya. Tangu Desemba 2018 mtu aliyelelewa na mama peke yake huruhusiwa kuandika jina la mama tu. Mabadiliko hayo hayakuhitaji mashine mpya wala mabilioni ya rupia. Yalihitaji mtu mmoja ofisini atambue kwamba fomu ilikuwa inawauliza baadhi ya wananchi swali lisilo na jibu.

Baada ya jina huja anwani. Fomu inataka namba ya nyumba, jina la jengo, mtaa, eneo, mji na namba ya posta ya nchi. Jirani yangu anakaa katika nyumba ya shule ambayo haina namba. Barua zake zote, pamoja na taarifa ya benki ambayo ndiyo ushahidi wa anwani, huja kwa Sanduku la Posta la shule. Nani kati yetu walimu na watumishi hana anwani ya namna hiyo? Ofisa wa Mumbai au Delhi hana kosa kwa kutojua kwamba katika nusu ya Afrika mtu huishi mahali pamoja na barua zake huishi pengine. Lakini aliyeiandika fomu ya watu wa ng'ambo alipaswa kuuliza jinsi watu wa ng'ambo wanavyoishi.

Wengi basi hukata shauri la kuandika anwani ya ndugu aliyebaki India. Shauri hilo lina nafuu ya fedha pia, kwa kuwa katika miaka ya karibuni ada ya kadi inayopelekwa anwani ya ndani imekuwa rupia 107, na ya kadi inayopelekwa nchi za nje rupia 1,017, yaani karibu mara kumi. Sina ugomvi na gharama ya stempu. Ubaya wa njia hiyo huonekana baadaye: barua zote za idara ya kodi, za maswali, za madai na za kurudishiwa fedha, huenda kwa ndugu, na ndugu akihama au akigombana nawe, ndipo utakapojua kwamba ulikuwa na kesi. Ni kweli kwamba siku hizi mtu anaweza kuomba apelekewe kadi kwa njia ya kompyuta tu, bila ile ya plastiki, na kwamba kadi hiyo ina nguvu sawa mbele ya sheria. Ni utaratibu mzuri, na ningemshauri kila aliye mbali autumie.

Ipo nafasi nyingine katika fomu ambayo ilitushinda kabisa, ile inayotaka mwombaji ataje ofisa wa kodi atakayemhudumia, kwa mafungu manne ya herufi na tarakimu. Mkazi wa India huitafuta ofisi ya mtaa wake. Aliye ng'ambo hutakiwa kuchagua mojawapo ya ofisi za kodi ya kimataifa zilizoko katika miji mikubwa. Akikosea, faili lake hupelekwa kwa ofisa wa wakazi, na kulihamisha baadaye ni kazi ya miezi. Sasa tafakari: serikali inamtaka mwananchi amwambie ni ofisa gani wa serikali hiyo hiyo anayepaswa kumhudumia. Sisi tuliozoea ofisi tunajua kwamba kupeleka faili mahali pake ni kazi ya masijala. Tangu lini imekuwa kazi ya mwombaji?

Lakini haya ya fomu, pamoja na karaha zake, huvumilika. Lililonifanya nishike kalamu ni lile la mwaka 2023.

India ina kitambulisho kingine, Aadhaar, chenye tarakimu 12, kinachotolewa kwa wakazi kwa alama za vidole na mboni za macho. Mwaka 2017 sheria ya kodi ilirekebishwa ili kuanzia 1 Julai mwaka huo anayeomba namba ya kodi ataje Aadhaar yake, na waliokuwa na namba tayari waziunganishe mbili hizo. Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo, katika hukumu ya 9 Juni 2017, ilikubali kwamba Bunge lilikuwa na uwezo wa kuweka sharti hilo. Serikali kwa busara ilikuwa imekwisha kutangaza mwezi Mei kwamba wasio wakazi, pamoja na wasio raia na wazee waliofikisha miaka 80, hawabanwi nalo. Katika karatasi, basi, Mhindi wa ng'ambo alikuwa salama.

Siku ya mwisho ya kuunganisha ilisogezwa mara kadhaa hadi ikawa 30 Juni 2023. Kesho yake namba zote ambazo hazikuunganishwa zilizimwa. Miongoni mwao zilikuwamo namba za watu walioko ng'ambo, wale wale ambao sheria iliwatoa. Sababu yake? Vitabu vya idara vilimtambua kuwa si mkazi yule tu aliyekuwa amepeleka hesabu za kodi kwa hadhi hiyo katika mojawapo ya miaka mitatu iliyopita, au aliyekuwa amemwandikia ofisa wake kumjulisha kwamba amehama. Wengine wote walihesabiwa kuwa wako nyumbani na wamekaidi. Mwezi huo huo wa Julai idara ikawaelekeza wapeleke kwa ofisa wao wa kodi ushahidi wa ukazi wao wa nje, ndipo namba zao ziwashwe.

Mtazame aliyenusurika na aliyeumia. Mfanyabiashara wa London mwenye majumba ya kupangisha Mumbai ana mhasibu, hesabu zake hupelekwa kila mwaka, vitabu vilimtambua. Fundi wa mabomba aliyeko Muscat au Dubai hana mapato India zaidi ya akiba anayomtumia mkewe. Sheria yenyewe haimdai hesabu yoyote, naye hakupeleka, kwa kuwa alitii sheria. Huyo ndiye aliyezimiwa. Na hawezi kusemwa kwamba serikali yake haikujua ameondoka. Sheria ya Uhamiaji ya India ya mwaka 1983 imewataka wafanyakazi wa elimu ndogo waendao nchi kadhaa, za Ghuba zikiwamo, wapate kibali cha kuondoka kabla ya kupanda ndege. Ofisi moja ilimgongea muhuri wa kwenda. Ofisi ya pili ikamwadhibu kwa kutokuwapo.

Hawa si watu wa kubezwa. Mwaka 2022 India ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupokea kutoka kwa watu wake wa ng'ambo zaidi ya dola bilioni 100 kwa mwaka mmoja, na sehemu kubwa ya fedha hizo hutoka katika mifuko ya watu wanaolala wanane chumba kimoja. Kila mwaka au kila baada ya mwaka, karibu na tarehe 9 Januari, kwa ukumbusho wa siku Gandhi aliporejea kutoka Afrika ya Kusini mwaka 1915, hufanyika sherehe kubwa ya Wahindi wa ng'ambo, iliyoanza mwaka 2003. Hotuba za kuwasifu husikika. Lakini aliye na Aadhaar na simu ya Kihindi iliyoandikishwa kwayo hupata namba ya kodi bure, kwa dakika kiasi cha kumi, tangu mwaka 2020. Aliye ng'ambo bila vitu hivyo hujaza fomu, huchapisha, hubandika picha mbili, na kuituma India kwa bahasha katika muda wa siku 15. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2019 Mhindi wa nje mwenye pasipoti halali anaweza kuomba Aadhaar mara tu awasilipo nchini bila kungoja siku 182. Ila sharti awasili. Nauli ya kwenda kutafuta kitambulisho ili aombe kitambulisho haimo katika jedwali la ada.

Katika pengo hilo ndimo waliamo watu wa kati. Fomu ngumu huzaa dalali kama shamba lisilopaliliwa lizaavyo magugu. Hujitangaza kwamba wao ni wataalamu wa kadi za walio ng'ambo, wanatoza kwa dola, na bei zao hazifanani hata kidogo na zile rupia 107. Wengine ni waaminifu. Wengine hupokea nakala za pasipoti za watu na hakuna ajuaye zinakwenda wapi. Jirani yangu alijaribu mmoja, akatoa fedha, akaambulia kimya cha miezi miwili.

Wako watakaosema kwamba ukali huu una sababu, na hawasemi uongo. Mwezi Julai 2017 serikali ya India ililieleza Bunge kwamba ilikuwa imefuta au kuzima zaidi ya namba milioni 1.14, kwa kuwa watu walikuwa wamepewa namba zaidi ya moja. Namba mbili ni pazia zuri la kufichia mali. Ndiyo maana anayekamatwa nazo hutozwa faini ya rupia 10,000. Mimi siwatetei wanaoficha mali; mtu wa namna hiyo ndiye anayesababisha mwalimu wa Iringa aulizwe maswali arobaini. Lakini naomba tupime. Mhindi wa ng'ambo anatambulika kwa hati moja kubwa kuliko zote, pasipoti, iliyotolewa na serikali hiyo hiyo baada ya kuona cheti chake cha kuzaliwa na, kwa kawaida, baada ya polisi kwenda nyumbani kwao kuuliza. Inahuishwa kila baada ya miaka kumi katika ubalozi, mbele ya ofisa anayemwona kwa macho. Hakuna dalali wa bahasha awezaye kutoa uhakika kama huo. Hata hivyo maombi ya kadi ya kodi hayapelekwi ubalozini. Huenda kwa mawakala waliowekwa na idara huko India, ambao hawajamwona mwombaji wala hawatamwona.

Kwa nini dirisha linalopokea maombi ya pasipoti lisipokee na ya namba ya kodi? Si fikra ngeni kwa India. Tangu mwaka 2017 kampuni mpya inayoandikishwa nchini humo huomba namba yake ya kodi katika fomu ile ile ya kuandikishwa, na huipata pamoja na cheti cha kuzaliwa kwake. Kama kampuni, ambayo haina uso wala alama za vidole, inaweza kupewa namba siku ya kuzaliwa kwa fomu moja, sioni kwa nini mtu mwenye pasipoti mkononi ashindwe kupewa katika Ubalozi wa Dar es Salaam, au katika Ubalozi Mdogo wa Zanzibar ambao umekuwapo tangu mwaka 1974. Ofisa wa ubalozi angetia alama kwamba huyu haishi India, na alama hiyo ingefika katika vitabu vya kodi siku hiyo hiyo. Fundi wa Muscat asingezimiwa. Nafasi ya kumtafuta ofisa wa kodi kwa herufi na tarakimu ingejazwa na serikali yenyewe, ambayo ndiyo inayojua. Mpango mpya ulioidhinishwa Novemba 2024 unazungumzia kuunganisha huduma zote za namba hiyo mahali pamoja na kuondoa karatasi. Ni vema. Lakini mahali pamoja pa kwenye kompyuta hapamsaidii mtu ambaye kila hatua ya kompyuta hiyo humtumia tarakimu za siri katika simu aliyoiacha kwao miaka saba iliyopita.

Jirani yangu alikwenda Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 500, kwa sababu nyingine kabisa: hati ya kumwakilisha katika mauzo, aliyomwandikia binamu yake, ilihitaji kuthibitishwa na ubalozi. Alikaa mbele ya ofisa, akaonyesha pasipoti, akatia saini akiangaliwa, akagongewa muhuri, akatoka. Kazi ya saa moja. Bahasha ya kadi ilikuwa mkononi mwake muda wote huo. Alipotoka aliipeleka posta.

Wiki tano baadaye ilikuja barua ya kasoro. Katika fomu ile hubandikwa picha mbili, ya kushoto ikatiwe saini juu yake na ya kulia iachwe safi. Yeye, kwa kuzoea mitihani ya taifa ambako kila picha hutiwa saini, alitia zote mbili. Ameijaza upya, na safari hii nilikaa pembeni nikimhesabia visanduku. Wakili wa mnunuzi ameongeza muda hadi mwisho wa mwezi ujao, dada aliyeko Kanada bado anangojea muhuri wake, na binamu ameandika kwamba hati ya uwakilishi lazima irudiwe, kwa kuwa ile ya kwanza haikutaja namba ya kodi. Mkuu wa shule ametoa ruhusa ya pili. Ni ya siku mbili.